Baa ndogo ya meskali kule Oaxaca: chupa zina majina ya wapishi, na mmea ni ndugu wa mkonge wetu

#1 Mwana wa Korona

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie.

Mimi nimekulia kambini, shamba la mkonge, Korogwe. Babu alitoka Kigoma kama manamba, yaani kibarua wa mkonge, akakata mkonge mpaka mwiba ulipomharibu jicho. Baba alifanya kazi korona, kwenye mashine ya kukwangua majani, baadaye akahamia brashi, zinakosuguliwa singa, yaani nyuzi za mkonge. Harufu ninayoikumbuka kuliko zote utotoni ni ya maji ya korona, yale ya kijani, makali, yanayowasha miguu ukiyakanyaga peku. Wa Ngombezi, Magoma na Hale mnajua ninachosema.

Sasa naishi Houston. Nafanya kazi ghalani na Wameksiko watupu, Kihispania changu nimekiokota hapo hapo. Wao ndio walionisukuma niende Oaxaca, jimbo la kusini mwa nchi yao, jina hutamkwa Wahaka, nikaonje meskali, pombe kali ya kwao. Mmoja aliniambia: ukifika, baa za muziki mkubwa achana nazo, tafuta mahali padogo penye chupa zisizo na nembo. Mwenye nyumba niliyopanga akanielekeza.

Ni chumba kimoja tu, kama grosari ya uswahilini, mitaa michache kutoka kanisa la Santo Domingo. Mlango wa mbao, nje hakuna bango. Ndani kaunta, viti tisa, taa hafifu, hakuna muziki. Ukuta wa nyuma ya kaunta ni rafu kutoka sakafuni mpaka dari, na kila chupa ni kioo kitupu kilichobandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Nikasogea kusoma. Karatasi inataja aina ya mmea. Kijiji. Jina la aliyepika, lake, la ukoo wa baba na la ukoo wa mama. Mmea umeokwa shimoni au vipi, umesagwa kwa jiwe la kuvutwa na farasi au umepondwa kwa nyundo za mti, umekenekwa (umechemshwa na mvuke wake kukingwa) kwenye shaba au kwenye vyungu. Mwezi na mwaka. Asilimia ya kileo. Lita zilizotoka. Chupa moja iliandikwa lita 90. Yaani dunia nzima ilipata lita 90 za kinywaji hicho, zikiisha zimeisha.

Nilisimama pale muda mrefu. Kwetu anayepika gongo jina lake hulijui, na ukilijua hulitaji.

Mwenye baa ni mama wa makamo, nywele kasuka mikia miwili. Hakuniuliza nataka nini. Aliniuliza kwetu tunakunywa nini. Nikamwambia habari za mnazi na gongo, kisha sijui kwa nini nikajikuta nasimulia habari za babu na mkonge. Akaweka kitambaa chini, akanipeleka uani. Kulikuwa na mimea mitatu kwenye vyungu vikubwa. Nilishika jani la kwanza kabla hata ya kuomba ruhusa. Wakuu, ni mkonge. Rangi ile ile ya kijani iliyochanganyika na majivu, jani lile lile la upanga, mwiba mweusi nchani. Tofauti niliyoiona kwa vidole: huu una meno madogo ukingoni, wa kwetu ukingo wake ni laini. Wenyewe wanauita espadini, kwa maana ya upanga. Ndio unaotoa sehemu kubwa ya meskali yote.

Tukarudi ndani, akanimiminia. Kikombe ni nusu ya kibuyu kidogo, kimekwanguliwa kikalainika. Wachagga mlio humu, fikirieni kata ya mbege iliyopungua ikawa ya kushikwa kwa vidole vitatu. Akaniambia usimeze kwa mkupuo, kibusu kibuyu. Tone la kwanza ni la kuuamsha mdomo, ladha utaipata la pili.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu, kabla hajanywa, alidondosha matone sakafuni. Hakumtazama mtu, hakusema kitu. Babu alikuwa anafanya hivyo hivyo na kila kinywaji, hata chai siku za matanga.

Ladha: moshi kwanza, lakini moshi wa mbali, kama samaki wa kubanika anayeliwa kesho yake. Baadaye utamu wa muwa uliobabuka kwenye jivu. Mwishoni kabisa, nikiwa nimeshameza, ikapanda harufu ninayoijua. Ya jani lililokwanguliwa. Nikaweka kibuyu chini nikanyamaza.

Nitaendelea. Kesho yake nilikwenda kijijini wanakopika.

#2 Mangi wa Kibosho

Mkuu umeandika vizuri, nimekaa kiti cha mbele. Swali la kawaida: hii meskali na tekila zina tofauti gani? Mimi tekila niliinywa Arusha kwenye harusi, kichwa kilinigonga siku mbili, nikaapa. Halafu kata ya mbege haipungui, wewe ndiye umekua.

#3 Mwana wa Korona

Mangi, kwa alivyonieleza yule mama, tekila ni mtoto wa meskali aliyehama nyumbani. Zamani kila pombe iliyokenekwa kutokana na mimea hii iliitwa meskali. Neno lenyewe ni la Kinahuatl, lugha ya wenyeji, maana yake agave, yaani mmea wa jamii ya mkonge, iliyopikwa. Ile ya upande wa mji wa Tequila ikaitwa kwa jina la mji. Leo kisheria tekila hutengenezwa kwa mmea wa aina moja tu, agave ya bluu, na viwanda vingi vinauivisha kwa mvuke ndani ya oveni za matofali au mitungi ya chuma. Ndiyo maana haina moshi. Na tekila nyingi ya bei nafuu inaruhusiwa kuchanganywa na sukari nyingine, mradi agave isipungue asilimia 51. Labda ndiyo iliyokugonga.

Meskali hairuhusiwi mchanganyiko huo. Aina za mmea ni nyingi, na tangu mwaka 1994 jina linalindwa kisheria: kinywaji kikitoka nje ya maeneo yaliyotajwa, hakiitwi meskali hata kama kimepikwa vile vile. Oaxaca ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa. Kanuni zilizotoka mwaka 2017 zikaigawa meskali mafungu matatu: meskali tu, ambayo inaweza kupikwa kiwandani, ya ufundi wa mikono, na ya kiasili, ambayo lazima iokwe shimoni na ikenekwe kwenye vyungu vya udongo. Baa ile haina fungu la kwanza hata chupa moja.

#4 Nyar Kisumu

Mwana wa Korona, ile sentensi yako ya jina la mpishi imenigusa sana. Mama yangu alipika chang'aa, gongo ya kwetu Kenya, miaka kumi na minne huko Nyalenda. Sisi sote watano tulisoma kwa hiyo pesa, mmoja ni muuguzi, mimi ni mhasibu. Tulijifunza kuzima moto haraka na kuficha mtungi tukisikia gari la polisi. Chang'aa ya mama ilikuwa safi, watu walitoka mbali kuifuata, lakini hakuna aliyeita jina lake hadharani. Walisema tu "ile ya kwa yule mama."

Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa iuzwe ikiwa imetengenezwa kwa leseni na kufungwa kwenye chupa. Mama yangu angetoa wapi pesa za mtambo wa kufunga chupa? Kwa hivyo nauliza kwa dhati: hao wapishi wa Oaxaca walitokaje gizani? Ama nao walikuwa wanakimbizwa?

#5 Mwalimu Kikogwe

Vijana, mimi si mnywaji na dini yangu hainiruhusu, lakini mkonge ni jambo langu. Nimefundisha Pangani miaka thelathini na mbili.

Mwana wa Korona, hukukosea kuuita ndugu. Mkonge wetu, Agave sisalana, ni wa jamii moja na hiyo mimea ya Meksiko. Jina la Kizungu la sisal lilitokana na bandari ya Sisal kule Yucatán, singa zilikosafirishwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilipofika Tanga vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa hapa Kikogwe. Hiyo sitini na mbili ndiyo mama wa mashamba yote uliyoyaona utotoni. Mkonge wetu hauzai mbegu za maana, unachipuza wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo miche ya Korogwe, Kilosa na Morogoro ilirithi mwili ule ule.

Babu yako kuja kutoka Kigoma ni matunda ya hiyo 62. Huenda aliletwa na SILABU, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge. Waliwafunga namba shingoni, ndipo likatoka neno manamba. Miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Wakata mkonge waliofanikisha hilo walikuwa namba kwenye daftari. Nimesoma habari ya chupa yenye majina matatu ya mpishi nikafunga simu nikatoka nje kidogo.

#6 Mwana wa Korona

Mwalimu, shikamoo. Nilisikia habari ya Hindorf shuleni lakini hesabu ya 62 sikuijua. Babu alikuwa na kile kibati cha namba mpaka anafariki, kimo kwenye sanduku la bibi.

Dada Nyar Kisumu, ndiyo, nao walikimbizwa. Wahispania walipotawala, kuna vipindi pombe za wenyeji zilipigwa marufuku ili divai na brandi kutoka kwao zipate soko. Wapishi wakaingia makorongoni. Yule mama wa baa anasema babu yake mzaa mama alikuwa akibeba meskali usiku kwa punda, kwenye viriba vya ngozi, kukwepa watoza kodi. Na mpaka juzi watu wa mjini waliiona ni pombe ya maskini na wakulima. Anasema alipofungua baa, jirani zake walisikitika kwamba binti msomi anauza kinywaji cha vibarua.

Sasa nije kwenye kijiji. Nilikwenda Santiago Matatlán, kama kilomita 50 kutoka mjini. Teksi za kuchangia zinapatikana karibu na uwanja wa besiboli. Njiani unapita Santa María del Tule, kuna mti uani mwa kanisa wenye shina pana kuliko miti yote duniani. Msipite bila kushuka. Mti huo ni sabino, na mapipa ya kuvundikia meskali mengine huchongwa kwa mbao za sabino, kwa hiyo nilipofika kwenye mapipa nilikuwa nimeshamwona mzazi wao.

Mahali pa kupikia panaitwa palenke. Nilichokiona ni banda la bati lisilo na kuta, nyuma ya nyumba, kuku wanapita. Yule mama alikuwa amenipa barua kwa mpishi, mzee wa miaka sabini na kitu.

Kwanza mmea. Wanaacha majani, wanataka kisiki. Huo ndio mshangao wa mtoto wa korona: sisi tulichukua majani miaka yote tukauacha moyo uoze shambani, wao wanakwangua majani yote kwa shoka na panga, wanabaki na moyo kama nanasi kubwa. Wanauita kwa jina hilo hilo, nanasi. Niliomba kujaribu kuuinua mmoja, tukauinua wawili. Espadini unangojwa miaka sita mpaka minane. Mlingoti, yaani bua la maua, ukianza kutoka wanaukata, ili sukari yote ibaki chini isipande kwenye maua.

Halafu shimo. Ni la mviringo, linachongoka kwenda chini, zaidi ya kimo cha mtu. Wanawasha magogo, juu ya moto wanapanga mawe, mawe yakiwa mekundu wanatanguliza makapi ya mkonge yaliyolowa ili mioyo isiungue, kisha mioyo inarundikwa mpaka inakuwa kilima. Inafunikwa mikeka na udongo. Siku tatu mpaka tano. Moshi wa meskali unatoka hapo, kwenye udongo na kuni, hauongezwi baadaye. Mzee alinikatia kipande kilichoiva. Rangi ya sukari guru, nyuzi nyuzi, unatafuna utamu unatema nyuzi. Nilizitazama zile nyuzi kiganjani. Ni singa, wakuu. Singa zile zile, ila tamu.

Farasi mmoja anazungusha jiwe kubwa la duara kwenye sakafu ya saruji. Mzee anamwita farasi kwa jina na kumpumzisha kila baada ya muda. Kilichosagwa kinaingia kwenye mapipa ya mbao pamoja na maji, na hakiwekwi hamira wala chachu. Chachu ni ya hewani, ya kuni, ya mikono, ya pipa lenyewe. Ukiweka sikio juu ya pipa unasikia kama mvua ya manyunyu. Kukiwa na joto linachacha upesi, kukiwa na baridi wanangoja. Nilimuuliza siku ngapi hasa, akanijibu: mpaka linyamaze.

Kukeneka ni mara mbili, kwa mtungi wa shaba na bomba linalopita kwenye maji baridi. Hapa dada Nyar utafurahi, kwa sababu ndicho alichofanya mama yako, ila hapa mtu anafanya mchana kweupe na wajukuu wanamtazama. Ya mwanzo, kali, anaitenga. Ya katikati ni moyo. Ya mwisho, nyepesi, anaitenga. Kujua nguvu hatumii kipimo. Anafyonza kwa mwanzi, anaachia itiririke kwenye kibuyu kutoka juu kidogo, anasoma mapovu. Mapovu yakikaa kama shanga ukingoni bila kupasuka upesi, imefika. Alipochanganya na kusoma mapovu akasema 48. Mwanawe akaleta kipimo cha kioo: 48 na nusu.

Nilikaa pale mpaka jua likazama. Aliponimiminia, aliomba nimtajie jina langu lote, nikataja na la baba na la babu.

#7 Safari Salama

Mkuu naomba mambo ya vitendo. Viza? Gharama? Na je, baa yenyewe inaitwaje?

#8 Mwana wa Korona

Viza: Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Meksiko, lakini ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, unaingia bila viza yao. Mimi nilitumia kadi ya ukaazi ya Marekani. Hakikisha kwa ubalozi kabla ya kununua tiketi, mambo haya hubadilika. Kutoka Mexico City basi ni saa sita au saba, ndege ni saa moja.

Jina la baa yule mama aliniomba nisiliandike mtandaoni. Ana viti tisa na wateja wake ni majirani. Nimeahidi. Lakini zipo zinazojulikana wazi na zina moyo huo huo: Mezcaloteca, ambayo unaweka nafasi mapema na mtu anakaa nawe kukufundisha kuonja, na In Situ, yenye mkusanyo mkubwa wa mimea ya porini. Zote ziko mjini Oaxaca, za kutembea kwa miguu.

Bei pale nilipokuwa: kibuyu cha espadini kilikuwa chini ya peso 100. Tepestate, ya mmea wa porini, ilikuwa zaidi ya mara mbili. Vibuyu vitatu vinatosha usiku mzima, na ule kwanza. Wanakuwekea vipande vya chungwa na chumvi iliyochanganywa na pilipili na viwavi wa mkonge waliokaangwa na kusagwa. Chungwa ni la kutafuna kati ya kibuyu na kibuyu, si la kuzimia ladha. Usinyunyize ndimu kwenye kinywaji mbele ya yule mama.

#9 Kasongo wa L'shi

Ndugu, asante kwa hii habari. Siye ku Lubumbashi tuko na lutuku, ya mahindi na muhogo. Ba mama bengi banasomesha batoto na lutuku, sawa vile dada wa Kisumu anasema. Nauliza tu kuhusu ule mududu mu chupa. Ni kweli banaweka mududu?

#10 Mwana wa Korona

Kaka Kasongo, lile nililiuliza usiku wa kwanza na yule mama alilijibu kwa upole, ila nilijua ameulizwa mara elfu. Kiwavi wa kwenye chupa si mila. Ni jambo la biashara lililoanza karibu mwaka 1950, la mtengenezaji mmoja aliyekuwa akiuza Mexico City, wengine wakaiga. Kiwavi mwenyewe ni chakula halali kabisa pale, wanamkaanga wanamla ndani ya taco, chapati ndogo ya mahindi, na ni mtamu. Kwenye chupa ndiyo hawamtaki.

Kinachoshangaza zaidi, ambacho ni mila kweli, ni pechuga, yaani kidari. Meskali iliyokwishakenekwa mara mbili inarudishwa mtunguni mara ya tatu pamoja na matunda ya msimu na viungo, na ndani ya mtungi, juu, kinaning'inizwa kidari kibichi cha kuku au bata mzinga, mvuke upite kwake. Ni ya harusi, ubatizo na siku za kuwakumbuka wafu, mwanzoni mwa Novemba. Nilionja tone. Haina ladha ya kuku. Ina uzito fulani, kama mchuzi ulivyo tofauti na maji.

#11 Mama Miche

Nimesoma uzi wote na naupenda, lakini kuna jambo lazima lisemwe. Mimi ni mtu wa mimea, niko Morogoro. Ukikata kila mlingoti kabla haujachanua, maana yake hakuna ua, na bila ua popo wanaohama na kunywa asali ya mimea hii wanakosa chakula. Popo hao ndio wanaochavusha. Mimea ya shambani inaendelezwa kwa vichipukizi, kila mmoja nakala ya mwenzake, kama ile 62 ya Mwalimu, na ugonjwa ukiingia unakuta shamba zima lina udhaifu mmoja. Ya porini ndiyo hatari zaidi. Umetaja bei ya tepestate, bila shaka uliinywa. Unajua inachukua miaka mingapi?

#12 Mwana wa Korona

Mama Miche, najua, na umesema jambo ambalo lilininyima usingizi.

Tepestate inaweza kuchukua miaka 25. Inaota kwenye miteremko ya mawe, imening'inia. Yule mama alipoimimina alinihesabia kwa sauti, akaniuliza miaka 25 iliyopita nilikuwa wapi. Nilikuwa darasa la nne, nachota maji kambini. Mmea ule ulikuwa unachipua. Halafu mimi naumaliza kwa kibuyu kimoja. Ladha yake ni ya ajabu, pilipili hoho mbichi, majani yaliyosuguliwa mkononi, na haikutoka mdomoni mpaka asubuhi. Sijui kama nilistahili.

Mwaka 2011 meskali yote iliyothibitishwa rasmi haikufika lita milioni moja. Mwaka 2022 ilivuka milioni 14. Lita moja ya espadini inakula kama kilo kumi za moyo wa mmea. Vilima nilivyopita kwenda Matatlán vimelimwa espadini mpaka kileleni, mahali ambapo mzee anasema kulikuwa na msitu wa mialoni, na mialoni yenyewe ndiyo kuni. Mtoto wa Korogwe anaijua picha hiyo, mkonge mpaka upeo wa macho.

Kwa upande wake yule mama haniuzii chupa ya mmea wa porini, ni kibuyu tu, na kila mpishi anayemletea tobala, mmea mwingine wa porini, au tepestate lazima amwonyeshe kitalu cha mbegu. Mzee wa palenke anaacha sehemu ya mimea ichanue. Alinionyesha milingoti kama ishirini imesimama peke yake juu ya kilima, akasema hiyo ni ya popo. Kama inatosha, wewe utajua kuliko mimi.

#13 Mama Miche

Kuacha ishirini kwa shamba la ukubwa gani? Lakini anayeacha ni bora kuliko asiyeacha. Asante kwa kujibu bila kukasirika. Hapa kwetu nimewahi kuona popo na nyuki wakishinda kwenye milingoti ya mkonge wa Kimamba, na ule haupati faida ya mbegu kutoka kwao hata kidogo.

#14 Mangi wa Kibosho

Sasa nauliza bila utani. Mashamba ya Tanga yapo. Visiki vinaachwa vinaoza. Kwa nini tusipike ya kwetu?

#15 Mwalimu Kikogwe

Mangi, jina la meskali hamtaweza kulitumia, hilo ameshalieleza. Kuhusu mabaki, jambo lenyewe ni zito hata kwa mtu asiyekunywa kama mimi. Katika jani la mkonge singa ni kama asilimia nne tu, kingine chote kilikuwa kinatiririka mtoni. Pale Hale mwaka 2008 ulifunguliwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Kwa hiyo wazo la kutoutupa mmea si geni kwetu. Lakini mkonge wetu ulichaguliwa kwa ajili ya kamba, na mtu asianze kukeneka kisiki cha Korogwe uani kwake kwa kuwa amesoma uzi. Watu wamepofuka na kufa nchini humu kwa pombe iliyopikwa na asiyejua. Yule mzee alitenga ya mwanzo na ya mwisho kwa elimu ya babu zake.

#16 Nyar Kisumu

Mwalimu umesema kweli. Mama alitupa ya kwanza kila mara, hata tukiwa hatuna unga. Jirani alimcheka kwamba anamwaga pesa.

Nimempigia jana, yuko kijijini Seme sasa, ana miaka 71. Nikamsomea sehemu ya mzee na mapovu. Alinyamaza, kisha akaniuliza huyo mzee anatumia mwanzi wa urefu gani, kwa sababu yeye alitumia bua la mtama. Sikujua mama alisoma mapovu! Miaka yote hiyo nilikuwa nashika tochi tu.

#17 Mwana wa Korona

Dada, mwambie mwanzi ni kama urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole, na umetobolewa kitundu kidogo chini. Na mpe shikamoo yangu.

Nami nilimpigia baba. Nimerudi na chupa moja, kwa sababu Marekani unaruhusiwa lita moja bila ushuru, na nikampigia kwa video kumwonyesha karatasi. Nikamsomea yote: espadini, Matatlán, majina matatu ya mzee, jiwe, shaba, lita 210. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na aliyekata?"

Nikageuza chupa. Limeandikwa la mpishi tu. Siku ile shambani walikuwepo vijana wanne wenye panga na mmoja alikuwa amefunga kitambaa jichoni, na sikuwauliza majina.

Nimemwandikia yule mama wa baa jana usiku. Bado hajajibu. Kule ni Jumapili na huwa hafungui.